Viwavi wa Mai Gumbo

Mama Furaha alinipigia simu Jumapili moja nikiwa naosha mchele. Alilia kwanza, ndipo akasema. "Zuhura, ile mama yako ya Zimbabwe ametutoka. Banamukuta asubui ku kitanda. Vraiment alikuwaga mutu muzuri." Nilifunga bomba nikakaa kwenye kiti cha jikoni na mikono yangu imelowa. Nilitaka kumuuliza ni tangu lini Mai Gumbo amekuwa mtu mzuri kinywani mwake, maana yeye ndiye aliyenijaza maneno juu ya mama yule, lakini nikampa pole tu. Swali hilo lingenirudia. Maneno yalikuwa yake, ila masikio yaliyoyapokea na kuyatunza mwaka mzima yalikuwa yangu. Tulipoagana niliupika ule mchele, nikala bila kujua ninakula nini, na jioni ile ile nikaanza kuandika habari hizi za mwaka 2015, ambazo mume wangu anazijua nusu na mama yangu hazijui kabisa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nayanusa kabla ya kuyamimina, hata yale niliyoyafungua mwenyewe asubuhi. Nikialikwa mahali natazama kwanza wenyeji wanakula nini na wanaacha nini. Nilikuwa hivyo nikiwa na miaka ishirini na sita, nilipofika Louisville kusoma shahada ya pili, na niko hivyo leo hapa Columbus ninapokaribia arobaini. Chumba nilikipata Beechmont, upande wa kusini wa mji, mahali ambapo Mkongo, Mkuba, Msomali na Mnepali wanasubiri basi kwenye kituo kimoja na kila mmoja anaongea na simu kwa lugha yake. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kizimbabwe, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, hana mtoto, anafungasha vifurushi kwenye ghala moja kule Jeffersontown. Watu walimwita Mai Gumbo, yaani mama Gumbo, mke wa Gumbo. Kiswahili alikiokota ghalani kwa wanawake wa Bukavu na Uvira, kwa hiyo siku ya kwanza aliponifungulia mlango na kusema, "Karibu, mwanangu, ingia, baridi iko mingi," nilishindwa kujizuia, nikacheka. Mambo makubwa aliyasema kwa Kiingereza, nami hapa nayaandika kwa lugha yangu.

Jiko lake lilikuwa dogo, lenye zulia la plastiki la njano lililokwisha mbele ya sinki, pale alipozoea kusimama. Dirisha lilitazama kituo cha basi. Jioni ya kwanza alinipikia ugali mweupe, laini kuliko wa kwetu, ambao wao wanauita sadza, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na pembeni bakuli la kitu cheusi chenye nyanya na vitunguu. Alinipakulia, akashika sahani yangu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Halafu, badala ya kunipa, akamega tonge kwenye ugali wangu, akachovya huku na huku kwenye sahani yangu mimi, akala, akameza, ndipo akanikabidhi. Kwetu sahani ya mgeni haiguswi. Nikajiambia, huyu mama ana njaa au hakufunzwa. Kisha nikatazama vizuri kile kitu cheusi nikaona kina vichwa. Walikuwa viwavi, wazima wazima, urefu wa kidole changu cha mwisho, wamekunjamana, na vijimiba mgongoni.

"Ni madora," alisema. "Dada yangu ananitumiaka toka kwetu Mwenezi. Banakamuliwa tumbo, banachemushwa na chumvi, banaanikwa ku jua. Kula."

Nilimwambia kwetu kiwavi ni adui. Viwavijeshi wakiingia kwenye mahindi, watu wanaitana shambani kwa makelele, hakuna anayekimbilia sufuria. Akacheka. "Lakini nyinyi ba Tanzania munakulaka senene, si ndiyo?"

"Wahaya ndio wanaokula senene. Mimi Mrangi wa Kondoa."

"Haya, Mrangi akule majani," akasema, akasogeza lile bakuli upande wake, akala viwavi wake mmoja mmoja kwa vidole, bila haraka, huku akinitazama kwa macho ya kutania. Harufu ya viwavi hao ilikuwa kama ya samaki mkavu aliyefungiwa kwenye kabati pamoja na majani ya chai. Nilikula majani ya maboga hadi nikaifuta sahani.

Miezi miwili ya kwanza nilionja vyakula vyake vingine, kila kimoja kwa kusitasita, na ni aibu kusema vilikuwa vyakula gani. Aliponiletea kapenta niliwageuza kwa uma mara tatu kabla ya kugundua kwamba ni dagaa wale wale wa Kigoma. Nyimo zake zilikuwa njugu mawe ambazo bibi yangu alikuwa akituchemshia. Uji wake mchachu, ambao niliunusa nikauweka chini, ulikuwa togwa. Nusu ya vitu nilivyovishuku nilikuwa nimevila utotoni. Viwavi tu ndio sikuwagusa, na nilijificha nyuma ya dini. Nilimwambia sina hakika kama Mwislamu anaruhusiwa. Yeye akalichukulia jambo hili kwa uzito, akamuuliza Msomali wa ghalani kwake, akarudi na jibu kwamba wengine wanasema haifai na wengine wanasema mdudu mkavu hana neno, ni kama nzige. "Donc ni wewe kuchagua," akasema. Nikasema nitafikiria. Kila nilipopakuliwa alionja kwanza, kila siku, na mimi kila siku nilikunja uso moyoni.

Mwezi wa tatu ndipo Mama Furaha alipoingia. Alikuwa jirani yetu nyumba ya tatu, mwanamke wa Uvira, mcheshi, anayetunza wazee kwenye nyumba za watu, na mimi nilipenda kwenda kwake Jumamosi kwa sababu alikuwa mtu wa kusema na wa kusikiliza. Siku hiyo alikuwa akimsuka binti yake. Akaniuliza bila kuinua macho, "Zuhura, donc wewe unakulaka ku ile nyumba?"

"Ninakula. Kwa nini?"

"Bon. Miye sisemi kitu." Akasuka mistari miwili, kisha akasema. "Bwana yake alikula chakula ya mangaribi, akalala muzima, asubui iko maiti. Na alikula nini? Ile badudu. Peke yake. Bibi yake hakukula. Sasa fikiria."

"Alikuwa anaumwa?"

"Docta alisema roho ilisimama. Badocta banasemaka roho kila siku." Binti yake akamwambia kwa Kiingereza kwamba huo ni umbea na anamvuta nywele. Mama Furaha akamgonga begani kwa kitana, akaendelea. "Familia ya bwana iko Buffalo na Columbus. Balikuja kuchukua maiti, bakaenda kuzika kule Buffalo, na hakuna mutu alikula chakula ya ule mama. Hata maji. Na miye nakuuliza, mutu yenye roho yake iko safi, anaonja chakula mbele ya batu ya nini?"

Swali hilo lilinikaa. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikipita kwenye nyumba zenye vibaraza vya mbao, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshakata shauri. Hapo kabla kule kuonja nilikuona ni ukosefu wa adabu. Sasa nilikuona ni ushahidi. Nani anakuhakikishia kwamba chakula hakina kitu, kama hakujawahi kuwa na kitu? Wiki ile nilinunua vyakula vyangu, nikajitengea rafu ya chini kwenye friji, nikabandika karatasi yenye jina langu. Mai Gumbo alirudi kutoka kazini, akafungua friji, akaiona. Alisimama na mlango wazi kiasi cha friji kuanza kulia, kisha akatoa nyanya zake akafunga. Hakuniuliza. Kuanzia siku hiyo kila jioni nilikuwa na kisingizio: nimeshiba chuoni, nina mtihani, tumbo linanisumbua, na yeye akawa anapika sahani moja.

Leo nikikumbuka miezi ile, ninachokiona zaidi ni jinsi nilivyokuwa namtazama. Nilikuwa nikitazama mikono yake anapokata vitunguu. Nilisikiliza anaongea na dada yake kwenye simu kwa Kishona, lugha nisiyoijua hata neno, nikawa natafuta jina Gumbo katikati ya maneno kama polisi. Alipokuwa kazini niliwahi kufungua kabati la juu ya jiko nikakagua chupa zake moja moja: iliki, bizari, chumvi, dawa ya kikohozi. Sikuona kitu, na kutoona kitu hakukunipunguzia chochote. Na wakati huo huo ndiye aliyenipa koti la mume wake baridi iliporudi mwezi wa nne, ndiye aliyekuja kunichukua hospitali nilipoteguka mguu, akabadilishana mabasi mawili kuja na mawili kurudi. Koti nililivaa. Chakula sikula.

Mwezi wa tisa familia ya marehemu ilimpigia simu. Aliniita jikoni akanieleza, kwa Kiingereza, polepole. Kwao mtu akizikwa, baada ya mwaka hivi watu wanakusanyika kuweka jiwe kaburini. Jiwe linafunikwa kitambaa, na mke wa marehemu ndiye anayekivuta. Wakwe wasipomhesabu tena kuwa mke, havuti. Mama mkwe wake, Ambuya, alikuwa amesema aende Buffalo mwezi wa kumi, apike jioni ya Ijumaa, na wao wataona. "Mama akila kutoka mkononi mwangu," alisema, "Jumamosi nitavuta kitambaa, nitakuwa nimekuwa mke wa mtoto wake mbele ya watu wote, na maneno yatakwisha. Asipokula, atavuta Grace." Grace alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, aliyeishi Columbus. Nikamuuliza atapika nini. Akasema madora.

"Kwa nini usipike kuku?"

"Nikipika kuku watakula kuku. Kisha watasema, hakuweza kuiweka kwenye kuku."

Alitaka nimwendeshe. Gari la marehemu lilikuwepo, lakini yeye hakuwahi kujifunza barabara kubwa. Nilikubali, na sitajisifu kwamba ilikuwa huruma. Nilikubali kwa sababu nilitaka kujua. Asubuhi ya safari alipakia viwavi wakavu kwenye mfuko wa kitambaa, unga wake, chungu chake, akauweka mfuko juu ya mapaja yake na hakuuweka chini hadi Columbus.

Grace, ambaye Mai Gumbo alimwita Tete, jina la heshima kwa dada wa mume, alikuwa na nyumba Clintonville, nyumba ya zamani ya ghorofa moja, sakafu ya mbao inayolalamika kila ukikanyaga. Alimpokea wifi yake kwa kupeana mikono. Kwenye chakula cha mchana alitupakulia wali na nyama, na kabla ya kunipa sahani yangu akaonja kijiko. Akaona ninavyomtazama akatabasamu. "Hatukupi kitu tusichokula sisi," akasema. "Ndivyo tulivyolelewa." Kumbe miezi yote ile niliyokuwa nikikusanya ushahidi, nilikuwa nakusanya adabu ya watu. Ilinipasa kutulia hapo. Lakini baada ya chakula Tete alinipa chumba cha juu nipumzike kwa ajili ya safari ya kesho, na kwenye sakafu ya chumba hicho kulikuwa na tundu la hewa ya joto linaloshuka moja kwa moja jikoni. Mumewe alikuwa Mmarekani wa pale pale Columbus, kwa hiyo nyumbani kwao walizungumza Kiingereza.

"Anataka kutupikia wale wale," Tete alisema chini yangu. Vyombo vilikuwa vinagongana. "Wale wale aliowala kaka."

"Labda hana kosa, Grace," mume akasema.

"Labda. Mimi nataka jibu la swali moja tu. Jioni ile alionja? Alimwambia daktari kwa mdomo wake kwamba yeye hakula. Sisi tunaonja hata kwa mgeni wa barabarani. Yeye hakuonja kwa mume wake."

Nikasikia maji yanafunguliwa. "Na huyo msichana anayekaa naye," mume akauliza, "yeye anakula?"

"Hilo ndilo tutakaloliona kesho."

Nililala chali nikitazama dari. Kesho yake Tete na mumewe walitangulia na gari lao, nasi tulipokwisha kutoka nje ya Columbus na mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa yamefunguka pande zote mbili, nilimuuliza. Sikuzunguka. Nilimuuliza kama jioni ile alionja chakula cha mume wake. Alikuwa akitazama mbele.

"Sikuonja," alisema. "Nilirudi kazini nimechoka, nikampikia, nikaenda kuoga. Zuhura, mwaka wa kwanza wa ndoa nilionja kila siku. Mwaka wa pili aliniambia acha, unapunguza nyama. Tulikaa miaka ishirini na miwili. Nani anaendelea kuonja?" Baadaye kidogo akasema, "Ningeonja jioni ile ningekuwa mke wake mpaka leo."

Sasa nina mume. Ni mtu wa Tabora, mpole, anakula ninachopika huku akisoma habari kwenye simu, na sijawahi hata siku moja kumwonjea. Nikimwekea sahani mezani huwa namkumbuka Mai Gumbo kwenye kile kiti cha mbele, na mfuko mapajani. Ninajua kabisa alichoniambia. Siku ile nilikuwa na akili ya mtu ambaye hajawahi kuaminiwa na yeyote kwa miaka ishirini na miwili, na niliposikia "sikuonja," neno hilo ndilo nililolisikia. Mengine yalipita dirishani. Nilikaza mikono kwenye usukani nikahesabu vibao vya barabarani.

Karibu na Buffalo aliongea tena. "Wanajua unakaa kwangu. Ndiyo sababu nilitaka uje, sikufichi. Uko mzima, una afya, watakuona. Utakula kidogo? Mmoja tu. Dini yako ikikuzuia niambie sasa, sitakasirika."

"Hainizuii," nikasema. "Nitakula."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi, Mai."

Nyumba ya Ambuya ilikuwa na joto la kupita kiasi, madirisha yamefungwa dhidi ya upepo wa ziwani, na picha ya marehemu ukutani akiwa amevaa koti lile lile nililokuwa nimelivaa mimi. Nililivua haraka nikalikunja ndani nje. Ambuya alikuwa bibi mwembamba, ameketi kwenye kiti cha mkono na blanketi magotini. Mai Gumbo alipiga magoti mbele yake, akapiga makofi ya heshima, viganja vimekunjwa kama bakuli. Bibi akamjibu, "Eunice." Hakumwita Mai Gumbo. Alimwita kwa jina la msichana ambaye bado hajaolewa na mtoto wao. Mai Gumbo akainuka akaenda jikoni, nami nikamfuata nikamenya vitunguu. Aliloweka viwavi wake kwenye maji ya moto, akawachemsha, akawakaanga mpaka wakaanza kulia kwenye mafuta, akaongeza nyanya. Hakukosea hatua hata moja. Mimi nilijikata kisu mara mbili.

Tulikaa saa kumi na mbili jioni. Mezani walikuwepo Ambuya, Tete Grace na mumewe, mimi, na kiti cha Mai Gumbo ambacho hakukikalia. Alileta bakuli, akapiga goti, akachukua kiwavi mmoja mbele ya macho ya wote, akala, akameza. Akachukua wa pili. Kisha akamsogezea mama mkwe wake bakuli kwa mikono miwili. Bibi hakunyoosha mkono. Akasema maneno machache kwa Kishona, na Tete akanitafsiria, ananitazama mimi, si wifi yake: "Mama anasema mgeni aanze."

Bakuli likawekwa mbele yangu. Nimejaribu kuisimulia sehemu hii kwa njia nyingi. Mume wangu nilimwambia nilikuwa nimeshiba. Rafiki mmoja nilimwambia ni kinyaa, na kinyaa kilikuwepo, sikatai, vile vichwa vidogo vyeusi viling'aa kwa mafuta na kimoja kilikuwa kimenielekea. Lakini nilikuwa nimekula vitu vibaya zaidi kwa ajili ya watu nisiowapenda hata nusu yake. Nilimega ugali. Nilimkamata kiwavi mmoja kwa vidole, nikahisi vijimiba vyake, nikamwinua. Na mkono ulipokuwa njiani roho ikaniambia: ikiwa ni kweli? Yeye mwenyewe alikuwa amekula wawili mbele yangu dakika ile ile, kutoka bakuli lile lile. Akili yangu ilijua hivyo. Mkono haukujua. Ulisimama hewani, wote wakauona umesimama, kisha ukashuka, ukamrudisha kiwavi kwenye bakuli.

"Samahani," nikasema. "Mimi ni Mwislamu."

Nilisubiri Mai Gumbo anikumbushe ahadi yangu ya barabarani, kwa sababu alikuwa na haki hiyo, na sentensi moja ingemsaidia. Badala yake alipiga makofi ya heshima kumwelekea mama mkwe wake, akasema kwa Kiingereza ili nami nielewe, "Ni kosa langu. Ni Mwislamu. Nilisahau kumpikia kitu kingine."

Tete akatafsiri. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama mke wa mtoto wake kwa muda, na sikuona chuki machoni mwake, niliona uchovu. Akajibu taratibu. Tete hakutaka kunitafsiria, lakini mumewe akamuuliza amesema nini, akalazimika. "Anasema, msichana amekaa kwako miezi tisa. Leo ndiyo umesahau dini yake?" Bibi akalisukuma bakuli kwa ncha za vidole, likafika katikati ya meza, akaomba chai.

Baadaye niliingia jikoni nikamkuta Mai Gumbo amesimama kwenye sinki na bakuli mkononi. Alikuwa anakula. Alikula viwavi wote, mmoja baada ya mwingine, kwa vidole, kama alivyokula jioni ile ya kwanza Beechmont, ila safari hii hakunitania na macho hakuyainua, hadi nikasikia vidole vyake vinakwaruza udongo wa bakuli tupu. Nililia. Nikamwambia samahani, Mai, nisamehe.

"Nikusamehe nini? Uliogopa badudu," akasema kwa Kiswahili chake. Akafungua maji. Kisha akageuka akanitazama. "Ni badudu tu uliogopa, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Lakini nilichelewa. Ilipita kama pumzi moja kati ya swali na jibu, na yeye alilisikia pengo hilo kama mimi nilivyolisikia. Akanipa kitambaa nikaushe vyombo.

Jumamosi kulikuwa na mvua nyepesi na nyasi za makaburi zilikuwa zimelowa. Watu wa kanisa walikuja, labda thelathini. Wanafamilia walisimama mbele, wakizunguka jiwe lililofunikwa kitambaa cheupe, na wageni nyuma. Hakuna aliyemwambia Mai Gumbo asimame wapi. Alivaa gauni jeusi na kofia aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, akatembea nami mpaka mahali wanafamilia walipoishia, akasita, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa akasimama kando yangu. Tete Grace akavuta kitambaa. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mai Gumbo naye akapiga, kwa sauti nzuri ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. Mama mmoja wa kanisani aliyesimama mbele yetu akageuka, akavutiwa na sauti ile, akamuuliza kwa upole kama alimfahamu marehemu.

Mai Gumbo alinishika mkono.

"Hapana," alisema. "Nimemsindikiza huyu binti."